Makopo Matatu Kwenye Rweya

Mjini Bukoba kuna uwanja unaoitwa Gymkhana. Watu wanaujua kwa mikutano ya hadhara, maonesho na sherehe, na ukimwuliza mtoto wa mjini Gymkhana ni nini, atakujibu bila kusita kwamba ni jina la uwanja. Amejibu sawa. Ila neno lenyewe lina safari ndefu. Lilizaliwa India, kutokana na gend-khana, yaani nyumba ya mpira. Waingereza waliokuwa wakitawala huko walilichukua, wakalichanganya na neno lao la mazoezi ya viungo, na kila walikohamishiwa kikazi wakaenda nalo. Ndiyo maana Dar es Salaam kuna Gymkhana, Arusha ipo, Morogoro ipo, na kote huko jina hilo linakwenda pamoja na gofu.

Nilianza kulifuatilia neno hili nikiwa natafuta mada ya tasnifu yangu ya uzamili katika historia. Tasnifu yenyewe inahusu ardhi, haihusu michezo. Lakini mwaka huohuo nilikuwa nimeanza kucheza gofu kwa namna ambayo klabu yoyote ingeicheka: wakati wa likizo, wilayani Muleba, juu ya rweya ya kijiji chetu, kwa fimbo moja ya chuma, mipira sita iliyochubuka na makopo matatu ya maziwa ya unga yaliyofukiwa ardhini. Mchezo ulinipeleka kwenye ardhi, na ardhi ikanirudisha kwenye mchezo.

Kwa asiyeijua, gofu ni kuupiga mpira mdogo kutoka mahali pa kuanzia hadi uingie shimoni, kwa mikwaju michache iwezekanavyo. Kila shimo hupangiwa idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kutumia: mitatu, minne au mitano. Kiwanja kamili kina mashimo 18, kinameza makumi ya hekta, na kukimaliza kunachukua saa nne hivi. Shimo la mikwaju mitatu ndilo fupi kuliko yote. Mkwaju mmoja unaufikisha mpira karibu na shimo, miwili ya kuusukuma taratibu mpaka uingie. Duniani kuna viwanja vyenye mashimo ya aina hiyo peke yake. Watu huviendea kujifunza, kunoa mikwaju mifupi au kujifurahisha tu jioni baada ya kazi. Hata Augusta National kule Marekani, klabu yenye moja ya viwanja maarufu kuliko vyote, ilijenga kiwanja kidogo cha namna hiyo mwaka 1958. Tangu 1960 wachezaji wakubwa hushindana hapo siku moja kabla ya mashindano yenyewe ya Masters kuanza. Aliyeshinda mara ya kwanza alikuwa Sam Snead. Wengi huingia na watoto wao, na watoto ndio wanaowabebea mifuko.

Sisi tuna mashimo matatu. La kwanza lina hatua 70, la pili hatua 95, la tatu hatua 120 na linavuka bonde dogo lenye maji wakati wa masika. Aliyeyapima ni binamu yangu, ambaye kwa miaka minne alikuwa kedi, yaani mbeba mifuko, katika klabu moja ya kaskazini. Huko alijifunza gofu kwa macho. Kedi walikuwa na siku moja tu kwa wiki ya kucheza wenyewe, wakishirikiana fimbo tatu kwa watu kumi na zaidi. Aliporudi Muleba alikuja na chuma namba saba alichouziwa kwa bei ya kuagana, na mipira aliyookota vichakani.

“Usiukimbilie mpira,” huniambia. “Hauendi popote. Wewe ndiye unayeondoka mapema.”

Naye, kaka, yuko sahihi. Nikiinua kichwa kabla ya wakati, mpira unaruka chini chini kama panzi na kujificha kwenye majani. Nikitulia, unapanda, unasimama angani kidogo, halafu unaanguka karibu na kopo. Kwa siku moja hilo hunitokea mara tatu au nne. Zinatosha kunirudisha kesho yake.

Sasa niieleze rweya, maana msomaji wa Dodoma au Mombasa huenda hajawahi kuiona. Ukisafiri kutoka Bukoba kwenda Muleba, nchi inaonekana kama bahari ya nyasi yenye visiwa vya migomba. Visiwa hivyo ni vijiji. Ndani yake kila kaya ina kibanja chake: migomba, kahawa, maharage chini ya kivuli, nyumba katikati na makaburi ya wazee pembeni. Bahari ya nyasi ndiyo rweya. Udongo wake ni hafifu, wenye mchanga na tindikali, na migomba haistawi hapo bila kazi kubwa. Mgeni huiangalia na kusema kwamba hapa pana ardhi tupu.

Haikuwa tupu hata siku moja. Kibanja kinastawi kwa sababu rweya ipo. Ng'ombe walikula nyasi za rweya mchana, wakalala nyumbani usiku, na samadi yao ikaenda kwenye migomba. Nyasi zilikatwa kwa kuezekea, kwa kutandika sakafuni na kwa kufunika udongo wa kibanja usikauke. Wanawake walilima huko vishamba vya muda, vinavyoitwa emisiri, wakapanda njugu mawe kwa msimu, kisha wakaiacha ardhi ipumzike kwa miaka. Kwa karne kadhaa rutuba imehamishwa kutoka nyasini kwenda migombani, kwa miguu ya ng'ombe na vichwa vya wanawake. Wataalamu wa kilimo wameandika mengi kuhusu hili. Bibi yangu analisema kwa kifupi: “Rweya ndiyo ghala la kibanja.”

Kisha kuna senene. Miezi ya Novemba na Desemba, mvua zikikolea, senene hutua kwenye nyasi kwa maelfu, na watu hutoka alfajiri kuwaokota kabla jua halijawapasha joto wakaruka. Siku hizi wengi wananaswa usiku kwa taa kali na mabati. Zamani waliookota walikuwa hasa wanawake na watoto, lakini kwa desturi ya Kihaya mwanamke hakuwala. Aliwaokota, akawang'oa mabawa na miguu, akawakaanga, akampelekea mume. Bibi yangu aliwaonja senene kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima mwenye watoto, na anasimulia siku hiyo kwa sauti ya chini mpaka leo, kana kwamba kuna anayesikiliza mlangoni.

Habari ya senene inanijia kila nikisoma historia ya gofu Afrika Mashariki. Mchezo ulifika mapema. Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu, ulikuwa umeota mizizi mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, na klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906. Bukoba wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Emin Pasha alikuwa ameanzisha kituo chao hapo mwaka 1890, na Waingereza walikuja kuuvamia mji kwa meli Juni 1915, wakabomoa mnara wa mawasiliano na kuondoka. Baadaye walirudi kutawala, na klabu zikafuata utawala. Bomani palikuwa na ofisi, nyumba za maofisa na mahali pa kuchezea. Mwafrika aliingia klabuni kwa mlango wa kazi. Alifyeka nyasi, alimwagilia, alibeba mfuko, aliutafuta mpira uliopotea. Alijua kila mteremko wa kiwanja kuliko wenye kadi za uanachama. Kama bibi yangu na senene, aliandaa asichoruhusiwa kuonja.

Ajabu ni kwamba waliobeba ndio waliokuja kuwa wachezaji. Dismas Indiza wa Kenya, mmoja wa wachezaji wa kulipwa waliotamba sana ukanda huu, alianzia kwenye kubeba mifuko Mumias, kwenye nchi ya mashamba ya miwa. Fuatilia majina ya wachezaji wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania na utakutana na hadithi hiyo tena na tena. Mtoto wa jirani na kiwanja, fimbo ya kuazima, mazoezi ya mikwaju mifupi gizani baada ya wenye klabu kwenda kuoga. Walijifunza kwenye gofu fupi, kwa sababu nafasi waliyoipata ilikuwa fupi.

Hapo ndipo nilipotaka kujua mchezo wenyewe ulianzia kwenye ardhi ya namna gani. Nilichokikuta kilinifanya nicheke peke yangu maktabani. Gofu ilianzia kwenye rweya.

Pwani ya mashariki ya Uskoti, kati ya mashamba na bahari, kuna ukanda wa mchanga wenye nyasi fupi. Udongo wake ni maskini, haufai kwa shayiri, na upepo wa chumvi unaupiga mwaka mzima. Kwa kuwa haulimiki, ulibaki wa wote. Watu wa mji wa St Andrews walichunga kondoo hapo, walianika nguo, walitega sungura, na walicheza. Nyasi zilikatwa na meno ya kondoo. Inasemekana hata yale mashimo ya mchanga yanayowatesa wachezaji hadi leo yalianza kama mahali kondoo walipojikinga na upepo. Kwenye rweya yetu kazi hiyo inafanywa na ng'ombe. Wiki wanayochunga upande wa kopo la pili, alama zangu zinapungua kwa mikwaju miwili.

Watawala hawakuupenda mchezo huo. Mwaka 1457 bunge la Uskoti, chini ya Mfalme James wa Pili, liliupiga marufuku pamoja na mpira wa miguu, kwa sababu vijana waliacha kufanya mazoezi ya upinde. Lakini mwaka 1552 likatokea jambo ambalo mwanafunzi wa ardhi hawezi kulipita. Askofu Mkuu John Hamilton alipata ruhusa ya kufuga sungura kwenye ardhi ile ya St Andrews, na hati ya makubaliano ikatambua kwa maandishi kwamba wananchi wa mji wana haki ya kuendelea kucheza hapo: gofu, mpira, kulenga shabaha na michezo mingine.

Karatasi hiyo ilikaa karibu miaka 250. Mwishoni mwa karne ya 18 halmashauri ya mji, ikiwa imezama kwenye madeni, iliiuza ardhi ile. Ikafika mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura, sungura wakazaana, wakachimba, kiwanja kikawa matundu. Wananchi wakapinga, kesi ikapanda mahakama hadi mahakama. Walikuwa na kitu cha kushika mkononi: haki yao ya kucheza ilikuwa ya zamani, inajulikana, na imeandikwa. Mwaka 1821 mwenye shamba wa jirani, James Cheape, aliinunua ardhi ile na kuiokoa kwa ajili ya gofu. Mwaka 1894 sheria ya bunge iliirudisha kwa mji. Leo huo ndio uwanja maarufu kuliko yote duniani, na bado ni mali ya umma. Siku za Jumapili kwa kawaida hawachezi, na wakazi hupita juu yake na mbwa na watoto wao.

Pembeni ya uwanja huohuo kuna kiwanja kidogo chenye vilima vilima kinachoitwa Himalayas. Mwaka 1867 wanawake wa St Andrews walianzisha klabu yao hapo. Adabu za wakati ule hazikumruhusu mwanamke kuinua mikono juu ya bega hadharani, kwa hiyo walipewa mchezo wa kusukuma tu. Wakauchukua, wakaufanya wao. Klabu hiyo ipo mpaka leo na mgeni yeyote anaweza kulipa kidogo akacheza. Nilipomsimulia bibi, alitikisa kichwa. “Nao pia walikatazwa senene,” akasema.

Tofauti kati yao na sisi ni karatasi.

Enzi za Bakama, rweya ilihesabiwa kuwa chini ya mtawala, na watu waliitumia kwa desturi. Eneo letu lilikuwa Ihangiro. Mtawala aliweza pia kumkatia mtu wake ardhi kubwa, na waliokuwa humo wakageuka wapangaji wanaotoa kodi. Huo ndio mfumo wa nyarubanja, ambao ukoloni uliukuta na kuukaza, na ambao serikali ya Tanzania huru iliuvunja kwa sheria iliyoanza mwaka 1965. Kuvunjwa kwa nyarubanja kuliwapa wapangaji vibanja vyao. Ilikuwa haki iliyochelewa. Rweya ikabaki kwenye desturi, na desturi haina mhuri.

Sasa rweya inagawanywa. Karibu kila kijiji ninachopita, kuanzia njia ya Bukoba hadi nyanda za Kamachumu, naona misonobari na mikaratusi ikisimama kwa mistari mahali ambapo nilipokuwa mdogo palikuwa na nyasi. Sitaki kuwasema vibaya wanaopanda. Mti ni akiba. Kahawa ina bei isiyotabirika, migomba imepigwa na mnyauko, na mzazi mwenye ekari mbili za miti anajua ada ya kidato cha tano itatoka wapi. Hata ada yangu ya mwaka wa kwanza chuoni ilitoka kwenye mikaratusi ya mjomba. Lakini kila ekari inayopandwa na mtu mmoja inawaondoa watu ishirini waliokuwa wakiitumia kidogo kidogo, na mara nyingi hao ishirini ni wanawake na wafugaji wa ng'ombe wawili. Chini ya mkaratusi hakuna nyasi za kukata. Senene hawatui msituni.

Kijijini kwetu pendekezo la kugawa sehemu ya rweya lilikuja mwaka jana. Neno lililotumika lilikuwa lilelile la mgeni: ardhi isiyotumika. Nilikaa nalo siku nyingi. Rweya hutumiwa kwa matumizi mepesi. Anayekata nyasi anaondoka nazo, na nyasi zinaota tena. Ng'ombe anapita. Njugu mawe zinang'olewa na shamba linalala. Sisi wacheza gofu tunang'oa makopo kila jioni na kuziba mashimo, kwa sababu ng'ombe akitumbukiza mguu anaweza kuuvunja. Asubuhi huwezi kujua kama kuna mtu alicheza. Matumizi yasiyoacha alama, mbele ya anayekuja na ramani, yanahesabiwa kama hayapo.

Niseme pia kwamba mtu akija kesho na fedha za kujenga kiwanja halisi cha gofu juu ya rweya yetu, chenye uzio na kadi, nitakuwa wa kwanza kukipinga. Naupenda mchezo kwa sababu pale hauna mlango. Vijana wachungaji husimama, wanapiga mpira mmoja mmoja, wanacheka, wanaondoka na ng'ombe wao. Mmoja wao, wa darasa la sita, anapiga vizuri kuliko mimi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ina kipengele ambacho watu wachache wamekisoma. Kifungu cha 13 kinakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja na kuiweka kwenye daftari, na maamuzi ya namna hiyo hupita kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Hamilton wetu tunaye, basi, ila hati ndiyo haijaandikwa. Likizo iliyopita niliacha vitabu nikazunguka na daftari la shule. Nilimfuata bibi kwanza, halafu wenzake, halafu wafugaji, nikiuliza swali moja: wewe unafanya nini kwenye rweya, na mwezi gani?

Orodha ikajaa haraka kuliko nilivyotegemea. Nyasi za kufunika kibanja, kabla ya mvua. Nyasi laini za sakafuni, kwa misiba na harusi. Malisho, mwaka mzima, kwa zamu. Emisiri za njugu mawe. Senene, Novemba na Desemba. Dawa, ambazo bibi alizitaja kumi na moja na kukataa nisiandike mbili. Chemchemi tatu. Njia ya mkato ya kwenda zahanati. Mahali pa watoto kuchezea mpira.

Binamu yangu ndiye aliyesema gofu nayo iandikwe. Nilisita. Niliona itawafanya wajumbe wacheke, na kicheko kingeangukia hata nyasi na njugu mawe. Tulikuwa tumekaa barazani kwa bibi, yeye akichambua maharage.

“Mnacheza pale au hamchezi?” akauliza.

“Tunacheza, bibi.”

“Mnamzuia mtu?”

“Hapana.”

“Basi andika, mjukuu wangu. Ukianza kuchagua la kuwafurahisha, mwisho utafuta na zangu.”

Nikaandika mwishoni, kwa maneno machache: michezo ya vijana, ikiwamo gofu, bila kuzuia malisho. Nakala moja nimemkabidhi mtendaji wa kijiji, nyingine iko kwa mwenyekiti, na ya tatu bibi ameifunga kwenye nailoni na kuiweka pamoja na cheti chake cha ubatizo. Mkutano mkuu umepangwa kufanyika mavuno ya kahawa yakimalizika. Nitasafiri kutoka chuoni kwenda kuhudhuria, na wanawake sita waliotajwa kwenye daftari wameahidi kusimama na kusoma mistari yao wenyewe.